Fundi amekuandikia milioni kwa miguu ya mbele? Hoji mstari kwa mstari

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimepeleka IST yangu gereji moja hapa Dar kwa tatizo moja tu: likipita barabara ya vumbi ya mtaani kwetu linagonga, ko-ko-ko, upande wa kushoto. Fundi alilizungusha mtaa mmoja, akarudi, akaandika:

Shokapu za mbele mbili, 320,000
Maunti za shokapu mbili, 90,000
Amu za chini mbili, 240,000
Stabilaiza linki mbili, 70,000
Tairodi endi mbili, 60,000
Raki endi mbili, 80,000
Ufundi, 180,000
Alaimenti, 40,000

Jumla 1,080,000. "Bosi, miguu yote ya mbele imekwisha," akasema. Nikafanya kile wengi wetu tunachofanya: nikaomba anipunguzie. Akashuka mpaka laki tisa na nusu, nikajiona mjanja.

Kumbe nilikuwa napatana bei ya ugonjwa ambao sijaonyeshwa. Gari halikupanda jeki. Hakuna tairi lililotikiswa. Laki na thelathini niliyopunguziwa ilikuwa nafuu ya vitu ambavyo pengine gari halikuvihitaji. Kilichoniokoa si akili, ni mfuko: siku ile sikuwa na hela. Nikasema nitarudi, nikaenda kuuliza, na mwisho wa safari nilitumia 190,000 na mlio ukaisha.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa fundi lisiwe "punguza". Liwe "nionyeshe". Yafuatayo ni namna ya kulisema neno hilo na kuelewa unachoonyeshwa. Naandika nikiwa na gari dogo la Toyota kichwani, kwa kuwa ndilo nalolijua na ndilo limejaa barabarani: IST, Vitz, Raum, Spacio, Allion. Yote haya mbele yana mpangilio mmoja: shokapu na springi vimeunganishwa kuwa mguu mmoja uliosimama, na chini kuna amu moja, mkono wa chuma unaolishika tairi. Mtindo huo unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi wa Kimarekani aliyeubuni. Mwenye Prado ana amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, kwa hiyo ana boli jointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya amu) nyingi zaidi za kukagua, lakini maswali ni haya haya. Majina mengine ya kwenye karatasi: maunti ni kikalio cha shokapu kule juu. Stabilaiza ni fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, na linki ndiyo inayoiunganisha na mguu. Raki ni mashine ya usukani: raki endi ni ncha ya fimbo iliyo upande wa raki, tairodi endi ni ile ya upande wa tairi. Bushi ni vile vipande vya mpira kwenye maungio. Alaimenti ni kuweka matairi yaelekeane sawa.

Kabla ya kwenda gereji: sikiliza gari lako

Ukifika gereji ukasema "gari linagonga mbele, hebu angalia", umempa fundi hundi isiyoandikwa kiasi. Ukifika ukasema "linagonga upande wa kushoto, kwenye mashimo madogo, likienda taratibu, kwenye lami nzuri halisikiki", umempa kazi. Tofauti ya bei kati ya sentensi hizo mbili inaweza kuwa kubwa kuliko punguzo lolote utakalopewa.

Funga redio, shusha vioo, pita barabara mbaya kwa mwendo wa chini. Mlio wa ko-ko-ko mwepesi, wa haraka haraka, kwenye vijishimo vidogo, mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi za stabilaiza. Mlio mmoja mzito, "gu!", unapoingia shimo, au unapokanyaga breki na kuondoka, huelekeza kwenye bushi za amu au boli jointi. Gari likipiga mbizi ukifunga breki, au likipita tuta linaendelea kuyumba kama mtumbwi, hapo shokapu ni mshukiwa. Ukizungusha usukani gari limesimama ukasikia springi inaruka, "twang", shuku maunti ya juu ya shokapu au beringi yake.

Kisha kuna sauti ambazo si za miguu kabisa ila huandikwa huko. Ta-ta-ta unapokata kona kali huku unakanyaga mafuta ni siivi jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, kama ndege ya mbali, mara nyingi ni beringi ya tairi, au tairi lenyewe lililolika vibaya. Usukani kutetemeka kwenye spidi ya 80 hadi 100 ni balansi kwanza, yaani uzito wa tairi usiokaa sawa. Ukitetemeka pale tu unapofunga breki, angalia diski za breki. Nimeona mtu akibadilishiwa tairodi endi kwa mtetemo ambao ungekwisha kwa balansi ya matairi manne.

Rekodi sauti kwa simu ukiweza. Na kabla ya lolote, hakikisha upepo wa matairi uko sawa, fungua buti utazame jeki na tairi la akiba kama vimefungwa vizuri. Usicheke. Jeki iliyolegea inagonga kama amu.

Karatasi iandikwe upya

Karatasi kama yangu haihojiki, kwa sababu haisemi kitu. "Amu mbili, 240,000." Amu za nani? Mpya au mtumba? Za kampuni gani? Kwa nini mbili?

Mwombe fundi, kwa upole, akuandikie tena, kila kifaa na mstari wake. Upande: kulia au kushoto, ukihesabu ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Hali: mpya au mtumba wa Japan. Jina la kampuni iliyotengeneza. Bei ya kifaa kimoja. Na muhimu kuliko vyote, sababu: kimevuja, kimechanika, kinacheza, au kimekunjika. Ufundi uwe mstari wa peke yake.

Fundi mzuri ataona usumbufu kidogo lakini ataandika. Mwingine atasema, "Bosi, kwani huniamini?" Mjibu kwamba unamwamini, ila fedha zinatoka kwa watu wawili na mwenzako nyumbani anataka mchanganuo. Hakuna fundi aliyewahi kuligombania hilo. Mstari ukikosa sababu, weka alama ya kuuliza pembeni. Karatasi yangu ilipoandikwa upya ilikuwa na alama sita kwenye mistari minane.

Nionyeshe: gari lipande jeki na wewe ukiwepo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, jiwe au kabari nyuma ya tairi la nyuma. Likiinuliwa, liwekewe stendi. Usiingize kichwa wala mguu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama fundi mwenyewe anafanya hivyo kila siku na anakucheka.

Anza na tairi likiwa hewani. Lishike kwa mikono miwili, mmoja juu kabisa na mmoja chini kabisa, kama mshale wa saa ulivyo kwenye kumi na mbili na sita. Vuta na sukuma kwa zamu. Likicheza, kuna mawili: beringi ya tairi au boli jointi. Namna ya kuvitenganisha ni rahisi na mafundi wengi hawaifanyi mbele ya mteja: mtu mmoja akanyage breki, mwingine atikise tena. Kulegea kukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeishikanisha habu, kile kitovu cha tairi, na chuma kinachoibeba. Kukibaki palepale, tazama chini kwenye boli jointi. Hapo fundi aingize mtaimbo mdogo kati ya amu na kile chuma kinachobeba habu, ainue kidogo. Boli jointi nzima haipandi wala kushuka. Iliyokwisha utaiona ikiruka kwa macho yako, huhitaji kuelezwa.

Sasa hamisha mikono, mmoja kulia na mwingine kushoto, kwenye tatu na tisa. Sukuma na vuta kama unageuza usukani. Kinachocheza hapa ni tairodi endi au raki endi. Mwenzako aendelee kutikisa taratibu, wewe weka vidole kwenye tairodi endi, pale fimbo inapoungana na chuma cha tairi. Ikiwa imekwisha utasikia mpigo kwenye vidole. Pale pakiwa kimya, bana buti la mpira karibu na raki, ukihisi fimbo ndani yake: mpigo ukiwa humo, ni raki endi. Fanya pande zote mbili. Kwangu, tairodi endi ya kulia ilikuwa inacheza, ya kushoto ilikuwa ngumu, na raki endi zote mbili zilikuwa nzima. Karatasi ilikuwa imeandika nne.

Stabilaiza linki ina ujanja wake, na ndiyo inayoponyoka ukaguzi mara nyingi. Ukiinua upande mmoja tu, ile fimbo ya stabilaiza inajipinda na kuibana linki, hivyo linki iliyokufa inaonekana nzima. Ikague matairi yote mawili yakiwa chini, au yote mawili hewani kwa kimo kimoja. Shika linki kwa mkono, itikise kwa nguvu. Ikilia ko-ko, umemkamata mwizi. Ukitaka uhakika zaidi, fundi afungue linki zote mbili (kwenye magari mengi madogo ni nati mbili tu kila upande), mzunguke mtaa polepole. Mlio ukiisha, jibu unalo, na hujanunua chochote. Bila linki gari linalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo iwe mzunguko wa mtaani, si wa barabara kuu.

Bushi za amu zinahitaji mwanga na subira. Washa tochi ya simu, tazama mpira. Nyufa za juu juu, kama kisigino kilichokauka, ni uzee wa kawaida. Mpira uliochanika mpaka chuma cha kati kimeegemea upande mmoja, au ulioachana kabisa na chuma, huo umekufa. Fundi aupige mtaimbo na wewe utazame ni kiasi gani unasogea. Mafundi wengi wanaonyesha zile nyufa za juu na kusema "unaona, imechanika". Mwambie aisukume. Ya kwangu ilikuwa na nyufa, haikusogea.

Shokapu mwisho. Papasa mwili wake. Ukungu mwembamba wa mafuta uliochanganyika na vumbi karibu na juu si kesi. Mafuta mabichi yanayoteremka mpaka chini ya mguu ni kesi, na haina rufaa. Kisha shusha gari, bonyeza kona ya mbele kwa uzito wako wote na uachie: lipande, lirudi, litulie. Likiendelea kupanda na kushuka, shokapu imekufa. Lakini kipimo hiki hukamata maiti tu. Shokapu iliyochoka nusu inakipita. Ndiyo maana pitisha pia kiganja juu ya tairi. Ukisikia mabonde na vilima kulizunguka, shokapu haishikilii tairi barabarani, au balansi imepotea siku nyingi.

Piga picha na video fupi ya kila kilichocheza. Usibishane bado.

Fundi wa pili asijue la kwanza

Kosa la kawaida: unakwenda kwa fundi wa pili ukiwa umeshika karatasi ya wa kwanza, unamuuliza, "Eti ni kweli?" Hapo umemwekea maneno mdomoni. Ama ataikubali karatasi kwa kumlindia mwenzake heshima, ama ataiponda ili akupate wewe. Ifiche. Mweleze sauti tu, na mlipe ukaguzi. Elfu kumi au ishirini unayomlipa mtu aangalie bila matumaini ya kukuuzia spea inanunua ukweli mwingi.

Wakati mwingine mtu mzuri zaidi kwa hili ni yule wa kituo cha alaimenti. Yeye hawezi kuweka sawa gari ambalo tairodi endi inacheza, kwa hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kuitafuta, na kwa kawaida haishi kwa kuuza amu. Mimi nilikwenda huko. Alinionyesha linki mbili na ile tairodi endi moja, akaniambia, "Katengeneze hivi, urudi." Hakuuliza kitu kingine.

Ukaguzi wa watu wawili ukikutana kwenye kifaa kilekile, bila wao kujuana, acha kubishana kuhusu kifaa hicho. Kimekwisha.

Kinachongoja na kisichongoja

Kuhoji kusigeuke ubahili. Boli jointi inayocheza haingoji mwisho wa mwezi. Ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Tairodi endi ni hivyo hivyo: ikiachia, usukani unageuza tairi moja tu. Fundi akikuonyesha hivi viwili vikicheza, lipa. Kama huna hela, liache gari hapo upande daladala.

Bushi ya amu iliyochanika kabisa, wiki, si miezi. Shokapu inayovuja, panga ndani ya mwezi na upunguze mwendo, hasa mvua ikinyesha, maana breki inahitaji umbali mrefu zaidi. Linki na bushi za stabilaiza ni kelele zaidi kuliko hatari. Maunti inategemea: inayolia tu inaweza kungoja, iliyochanika kiasi kwamba mguu unasogea juu, hapana.

Tumia mpangilio huu kuigawa karatasi. Mwambie fundi: "Leo tufanye haya, mwezi ujao yale." Fundi mwenye haki hana shida na hilo. Mwenye haraka ya kufanya yote leo, muulize haraka ni ya nani.

Mambo ambayo fundi yuko sahihi

Kuna mistari ambayo watu wanaigombania bure. Shokapu hubadilishwa mbili za mbele kwa pamoja hata kama inavuja moja, kwa sababu mpya na iliyochoka hazishiki sawa na gari litavuta kwenye breki na kona. Linki nazo nazibadilisha jozi, kwa kuwa bei ni ndogo na ya pili huwa haiko mbali. Alaimenti baada ya kugusa tairodi endi, raki endi au amu si nyongeza ya kijanja. Ukiiruka, utalipa kwa matairi.

Ila tairodi endi haina sheria ya jozi. Inayocheza inatoka, nzima inabaki. Boli jointi vilevile. Na kuhusu amu, uliza kama bushi peke yake zinapatikana na kama boli jointi imefungwa kwa bolti au imeshikana na amu. Ikifungwa kwa bolti, huna haja ya kununua amu nzima kwa ajili yake. Ikishikana, na bushi zake nazo zimechoka, amu nzima inaweza kuwa rahisi ukijumlisha ufundi wa kupiga bushi presi. Fanya hesabu zote mbili.

Spea: Kariakoo, mtumba na cha juu

Sasa ndiyo tunafika kwenye bei.

Piga picha kadi ya gari mahali penye namba ya chasisi. Ukiwa na namba hiyo, duka lolote makini litakupa namba ya spea yenyewe. Toyota wana mpangilio unaosaidia sana ukijua tarakimu tano za mwanzo: shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, kushoto 48520, stabilaiza linki ya mbele 48820, boli jointi ya chini 43330, raki endi 45503, maunti ya shokapu 48609, amu ya chini kulia 48068, kushoto 48069. Ukitaja namba dukani, unaulizwa maswali machache na kudanganywa mara chache.

Kisha piga simu au tembea. Kwa Dar ni Kariakoo, mitaa ya Gerezani na kuendelea. Wenzetu wa Nairobi wanakwenda Kirinyaga Road. Uliza maduka matatu kwa kifaa kilekile cha kampuni ileile, la sivyo unalinganisha embe na nazi. Shokapu ya KYB, tairodi endi ya 555, linki ya CTR, na kitu kisicho na jina ndani ya mfuko wa nailoni, hizo ni bei nne na maisha manne.

Feki zipo, na boksi haliaminiki peke yake. Tazama namba iliyogongwa kwenye chuma kama inalingana na ya boksi, ulehemu kama ni safi, mpira kama umekaa sawasawa. Linganisha uzito na cha zamani. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, huo si ukarimu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu bila hiyo huna cha kushika ukirudi na kifaa kibovu, wala ukitaka kuipeleka kesi ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani.

Mtumba wa Japan? Kwa chuma kitupu, sawa, mara nyingi ni bora kuliko kipya cha ovyo. Kwa kitu chenye mpira au sili ndani nasita. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na shokapu ya mtumba imeshatembea maisha ambayo hujui. Nikilazimika, nainunua ile tu nitakayoibonyeza kwa mkono na kuiona ikirudi taratibu pande zote, na duka liniandikie siku za kujaribu.

Kuhusu cha juu: ndiyo, mafundi wengi huongeza kitu kwenye bei ya spea, au dukani wanapewa chao. Nimeacha kukasirika. Ufundi tunaulipa kidogo mno, halafu tunashangaa mtu anajilipa kwingine. Ninachofanya ni kumwambia mapema: "Fundi, spea nanunua mwenyewe, ufundi nitakulipa vizuri." Na nalipa vizuri kweli. Ujue tu gharama yake: spea uliyonunua wewe ikifa baada ya wiki mbili, ni wewe unayerudi Kariakoo, na kazi ya kufungua tena unailipia. Kama fundi yuko tayari kuandika dhamana ya miezi mitatu kwa spea aliyoleta yeye, cha juu chake kinaweza kuwa bima ya bei nafuu.

Ufundi uliohesabiwa mara mbili

Ukitaka kujua kama gereji inacheza na hesabu, angalia kazi zinazopishana. Kutoa mguu wa shokapu kunafungua linki na maunti humo humo. Ukiona ufundi wa shokapu, ufundi wa maunti na ufundi wa linki vimeandikwa mbali mbali, uliza. Kutoa raki endi kunalazimu kutoa tairodi endi. Kutoa amu kunafungua boli jointi. Maneno yangu huwa haya: "Fundi, ukishatoa mguu, linki si imeshafunguka?" Anacheka, anakata.

Sauti yako ina kazi hapa. Usimuite mwizi, usitaje gereji ya jirani, na usizungumze mbele ya wateja wengine, mpeleke pembeni. Mwite fundi, si "wewe kijana", hata kama ni mdogo wako. Sema kilichoonekana: "Hii tuliitikisa wote, haikucheza. Tuiache, ikianza nitakuletea wewe." Umemwachia heshima na umemwachia kazi ya kesho. Akikataa kukuonyesha chochote, akasema "kama huamini peleka kwingine", mshukuru na upeleke kwingine. Lipa alichofungua, chukua gari.

Wakati wa kufunga na kupokea

Uwepo, au mtume mtu. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye spea mpya kabla hujaikabidhi, na kwenye ya zamani ambayo haibadilishwi. Spea za zamani ni zako, zidai zote, hata kama utazitupa nyumbani.

Bolti za bushi za amu zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa matairi yake, si likiwa linaning'inia. Zikikazwa hewani, gari likishuka mpira unajipinda na kukaa umejipinda, na bushi mpya inachanika mapema. Watu wanalaumu spea kumbe ni spana. Kuhusu springi, ikibanwa kwa kamba au waya badala ya vifaa vyake, sogea mbali. Ina nguvu ya kuvunja taya.

Jaribu gari kwenye barabara ileile mbovu iliyokuleta, fundi akiwa amekaa pembeni. Kwenye alaimenti omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa magari mengi haya madogo kinachorekebishwa mbele ni namna matairi yanavyoelekeana tu, kwa hiyo ukitozwa zaidi kwa marekebisho mengine ya mbele, omba uonyeshwe bolti inayorekebishwa. Usukani unyooke gari likienda moja kwa moja. Baada ya kilomita kama mia tano, pitia gereji wakaguliwe nati zote walizogusa.

Mimi nilimaliza na linki mbili kwa 70,000, tairodi endi moja 30,000, ufundi 50,000 na alaimenti 40,000. Miezi minane baadaye shokapu ya kushoto ilianza kuvuja kweli, mafuta mabichi mpaka chini. Nilirudi kwa fundi yule yule wa kalamu nyekundu. Aliipapasa, akanitazama, akasema, "Si nilikwambia bosi?" Nikamjibu aandike, kila kitu na mstari wake. Safari hii aliandika shokapu mbili na alaimenti, akaleta jeki mwenyewe kabla sijaomba.